Senti Kumi Isiyo na Tundu

Alhamisi, Nyakasimbi. Mvua imekoma saa tatu asubuhi, na ukungu umekaa juu ya migomba kana kwamba hauna pa kwenda.

Leo nimekata mstari ndani ya rejista ya ofisi. Naandika hapa kabla hofu haijanishauri vingine.

Mwezi huu ofisi yetu inapokea vitu vya kale ambavyo wananchi wanaviazimisha kwa maonyesho ya shule ya sekondari. Mimi ndiye karani. Kila kitu nakiandika pamoja na hali yake, na nilichoandika ndicho kitakachobandikwa chini ya kitu chenyewe watu wote wasome.

Jumatatu Bibi Kokugonza alileta senti kumi ya wakati wa Mwingereza, ile ya rangi ya shaba yenye pembe za ndovu kuzunguka tundu la katikati. Yake haina tundu. Ilikuwa ndani ya kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti, imepakwa samli kama wazee wa huku wanavyopaka vitu wanavyovithamini.

Habari ya senti hiyo naijua tangu darasa la kwanza. Marehemu mume wake, Mzee Bitegeko, alichimba madini ya bati kule Kyerwa akiwa kijana. Siku alipoitoa dukani, mwenye duka aliitupa chini mbele ya watu, akasema huyu ameziba tundu kwa bati lake, ni mghushi. Wakamwita Mfuasenti, yaani mhunzi wa senti bandia. Amezikwa na jina hilo. Wajukuu wake nilisoma nao, nao waliitwa hivyo uwanjani.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakiita.

Basi Jumatatu sikuitazama hata dakika moja. Niliandika kwa wino: "Imeharibiwa. Tundu limezibwa."

"Umeandika nini, mwanangu?" akauliza Bibi, ambaye macho yake hayasomi tena.

"Nimeandika kwamba ni ya zamani, bibi."

"Ya zamani hata mimi, mbona huniandiki?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Andika kama ni mkono wa mume wangu au ni mkono wa walioitengeneza. Kama ni wake, waitu tafadhali, andika ni wake. Nimechoka kutojua."

Nilimdanganya mama mzee aliyekuja kuuliza ukweli. Siku nzima ya Jumanne nililifikiria ombi lake.

Jana nikaenda kwake, nikamwomba ruhusa, nikapanda bodaboda na senti yake hadi Nkwenda kwa sonara mmoja mzee.

"Karani! Umeacha mihuri leo? Au hatimaye umepata mchumba, umekuja kupima pete?"

Nilipomwonyesha senti aliacha utani. Alinikataza kuisugua. Akaifuta samli taratibu kwa pamba, akanipa kioo cha kukuza. Kwanza akaniwekea senti yake mwenyewe, iliyotobolewa pembeni ili mtoto aivae shingoni. Nikaona kingo za tundu hilo zimetokeza kama midomo, na herufi moja imekatwa nusu.

"Huo ni uharibifu," akasema. "Umekuja baada ya maandishi, ndiyo maana umeyakata. Sasa tazama ya bibi. Mimi nimeziba pete nyingi mno, sikudanganyi. Kila kiraka kina mpaka wake. Utafute huo mpaka."

Niliutafuta mpaka jicho likatoa machozi. Niligeuza upande huu na upande ule. Rangi ni moja tangu ukingoni hadi katikati, wala hakuna weupe wa bati. Pembe za ndovu zimezunguka vizuri, hazijaguswa, na pale katikati, mahali pa tundu, shaba imevimba kidogo tu, laini, haina alama yoyote.

Akanieleza kwamba kiwandani tundu hutobolewa kwanza, ndipo kisahani cha shaba hugongwa muhuri. Hiki kilipita bila kutobolewa. Muhuri ukashuka, na pale kati haukuwa na la kusema, kwa sababu hakuna aliyetegemea kwamba pangekuwa na kitu.

Nilikaa kwenye benchi lake nikiwaza. Mahali fulani mbali sana mashine iliruka kisahani kimoja, mara moja. Kisahani hicho kikavuka bahari na nchi, kikapita mikono nisiyoweza kuihesabu, kikaja kuangukia kiganja cha kijana mchimba bati, mtu pekee ambaye asingeweza kuaminiwa nacho. Na ushahidi wa kumtetea ulikuwa humo humo siku zote, mdogo kuliko punje ya mahindi.

Hakuna aliyetazama. Hata mimi niliyesomeshwa.

Leo nimekata maneno yangu kwa mstari mmoja, ili ya zamani yasomeke chini yake, na juu nikaandika: "Kosa la kiwandani. Haikuzibwa na mtu." Nikatia sahihi. Mtendaji, mkuu wangu wa ofisi, atauliza kwa nini rejista imechafuka, nami nitamjibu.

Kisha nikaenda kwa Bibi, nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu wa Jumatatu na jina nililokuwa nikiliita uwanjani. Nilitegemea anifukuze. Akaikunja lubugo mara nne, akaikunjua.

"Kumbe alikuwa anasema kweli," akasema. "Alinieleza miaka yote. Nami nilikuwa nikimjibu, haya baba, yamekwisha, kula."

Halafu akanishika mkono. Kaburi liko nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, shamba lake la migomba. Anataka niende asubuhi, nimsomee mzee nilichoandika, kwa sauti.

"Usinong'one kama mnavyonong'ona ofisini," akaniambia. "Majirani nao wana masikio."

Nimeyanakili maneno hayo kwenye karatasi safi. Nitasoma kama alivyotaka, na nitaanza na shikamoo.