Kiwiko Chako Tongoni

Baba yangu,

Kesho nakwenda mahakamani kumnyooshea kidole mtu aliyekuua. Mama amekwisha kupiga pasi sare yangu ya shule na kuitundika mlangoni. Kila nikiitazama, nageukia ukutani. Unanijua: hata swali ninalolijua jibu lake, mwalimu akiniuliza naangalia dawati. Polisi waliniuliza kwa Kizulu, nikanyamaza. Wakaniuliza kwa Kiingereza, nikanyamaza. Basi acha nikwambie wewe kwanza, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile ulichojifunza Morogoro enzi za ukimbizi.

Kinachonijia sana si ile robot ya mjini, zile taa za barabarani. Ni Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa kale. Likizo ile ulitupeleka kwa kina Mama, Tanga, nami nina kamera mpya shingoni. Nilipiga picha kila kitu: mihrabu ya matumbawe, kuta zisizo na paa, makaburi yenye nguzo ndefu, na yale matundu ambamo mabakuli ya kaure yalikuwamo kabla watu hawajayang'oa. Lakini kila nilipokuelekezea kamera, uligeuka.

"Eish, mimi sipigwi picha, mwanangu."

Ukimbizini picha ya mtu ikiwafikia Makaburu ilitosha kumwua, na mazoea hayo ulirudi nayo mpaka Joburg.

Ndipo kukalipuka baharini. Kabla sijajua ni nini, ulikuwa umenikamata shingo, umenibwaga kwenye sakafu ya msikiti, umenilalia. "Chini! Usinyanyue kichwa!" Mdomo wangu ulijaa mchanga na damu.

Mjomba Sefu alicheka mpaka akashika ukuta. "Baruti hiyo, shemeji! Watu wanavua! Mpigania uhuru mzima kakimbia samaki!" Mama naye kicheko kilimponyoka; Tanga wameshaizoea milio ile.

Ukainuka ukamkaba Mjomba koo. Ukampigiza kwenye nguzo ya kaburi, ukampigiza tena, mpaka chokaa ikadondoka pamoja na damu ya paji lake. Mama na mlinzi wa magofu ndio waliokuvuta.

"Nenda kwenu ukapigane na Makaburu!" Mjomba alitema mate mekundu. "Wameisha? Basi tuachie sisi amani yetu!"

Garini ukaniambia bila kunitazama, "Ukisikia mlio, lala. Kama ni samaki watakucheka, basi." Nilikuchukia siku ile, Baba. Midomo ilivimba na aibu ilinijaa.

Halafu ikaja Jumamosi ile, tunatoka Mayfair kununua mchele. Robot ilikuwa nyekundu. Bastola ikagonga kioo. "Chini!" ukasema, sauti ileile, na shingo yangu ikatii kabla yangu mimi. Nililala nyuma ya kiti, uso kwenye gunia. Gari ungempa, najua. Lakini mimi nilikuwamo. "Kuna mtoto! Kuna mtoto nyuma!" ulimpigia kelele kwa Kizulu, umeng'ang'ania usukani. Akakupiga risasi ya kifua, hukuachia. Akapiga nyingine. Akakuburuta nje, akafungua mlango wa nyuma, akanivuta kwa nywele na kunitupa kwenye lami, juu yako.

Ulisema nisinyanyue kichwa. Nilinyanyua. Sikio lake la kushoto limeungua, limekunjamana lote. Nililiona vizuri, na macho yake pia.

Nina hasira nawe. Ulitufundisha sote kulala chini, mbona wewe ulikaa wima? Jibu ninalo na bado nakasirika. Na kuna jingine ambalo Mama hajui: nataka yule mtu aogope. Huwa naota nimemkaba, nampigiza kwenye nguzo ya Tongoni, chokaa inadondoka, na mikono ninayoiona ni yako. Naamka sijutii.

Mjomba Sefu alikuja kukuzika. Alibeba jeneza mbele kabisa, kovu lake wazi kwenye paji, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote.

Uliponibwaga siku ile, kidole changu kilibonyeza kamera. Duka la picha walitaka kuitupa picha hiyo, walisema imeharibika: mchanga, ukingo wa mihrabu, na kiwiko chako. Katika safari nzima ni humo tu ulimo. Kesho itakuwa mfukoni mwa sare yangu. Nitalitaja sikio lile kwa sauti, yeye akinitazama.

Kwaheri, Baba. Umenilalia vya kutosha. Nyanyuka sasa, nami nisimame.

Binti yako