Pua ya Ezra Thackwray

CHAMA CHA WAKUSANYAJI WA SARAFU ZA MADUKANI, SKELDERBY

KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 9 NOVEMBA 2019, KATIKA CHUMBA CHA JUU, BAA YA KICHWA CHA EZRA

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Dorothy Haxby – Mwenyekiti
2. Bw. Harold Cattermole – Mpimaji wa Ubora wa Sarafu
3. Bw. Wilfred Umpleby – Mjumbe
4. Kieran Sugden – Katibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko makatibu wote waliomtangulia

ALIYEJIALIKA
Bi. Maureen Bielby – Mwenye baa

ASIYEHUDHURIA
Bw. Nigel Tranter – alituma taarifa kwamba mafua yamemlaza kitandani. Alionekana baa ya chini akirusha vishale.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri, akawakumbusha wajumbe waweke pai zao mbali na sarafu. Pia alimkumbusha Katibu aandike yaliyosemwa, si anayoyawaza. Katibu alikubali, na ndivyo alivyofanya, kama itakavyoonekana.

KUMB. NA. 2/11: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Zilithibitishwa baada ya masahihisho mawili. Palipoandikwa "Mwenyekiti aliingia kama bata mwenye haraka" pasomeke "Mwenyekiti aliingia". Neno "zee" lifutwe kila linapotangulia jina la Bw. Cattermole. Katibu alisikitika, kwa kuwa hizo ndizo sehemu zilizoandikwa vizuri.

KUMB. NA. 3/11: YATOKANAYO
Ilielezwa kwamba Bw. Cattermole na Bw. Umpleby bado hawasemezani. Hawa ni mashemeji: Bw. Cattermole amemwoa Margery, dada yake Bw. Umpleby. Nyumba zao zimeshikana ukuta, na leo walikuja kwa gari moja, kimya, kama kawaida.

Chanzo ni sarafu ya Bw. Umpleby. Iligongwa mwaka 1793, pale sarafu ndogo za mfalme zilipoadimika na wenye maduka wakajitengenezea za kwao za shaba. Hii ni ya Ezra Thackwray, aliyekuwa akiuza chai na mishumaa hapa hapa Skelderby, na inaonyesha uso wake kwa upande. Imebaki hii moja mjini kwetu. Nyingine wanayo wale wa chama cha Otterby, ambao hatuwapendi.

Miaka mingi iliyopita Bw. Cattermole aliipima sarafu hiyo akaipa daraja la "Nzuri". Kwa faida ya mjumbe mpya yeyote (hajapatikana tangu Katibu ajiunge), katika kazi hii "Nzuri" maana yake imekwisha, "Nzuri Sana" maana yake inatazamika, na "Nzuri Mno" ndiyo nzuri. Kumwambia mtu sarafu yake ni Nzuri ni kama kumwambia bibi harusi kwamba amejitahidi. Bw. Umpleby hakumsemesha tena shemeji yake tangu siku hiyo.

KUMB. NA. 4/11: OMBI LA KUPANDISHA DARAJA
Bw. Umpleby alieleza kwamba binti yake amemwomba akaishi naye Otterby, kwa kuwa hapa hana wa kuzungumza naye. Alisema hayo akimtazama Katibu. Aliongeza kwamba sarafu isipopandishwa daraja leo hii, atahama nayo na kujiunga na chama cha huko, ambacho kimemwahidi kuiweka kwenye sanduku la kioo dirishani.

Mwenyekiti alisema hilo likitokea, Skelderby itabaki na chama cha sarafu kisicho na sarafu ya Skelderby. Alimwomba Mpimaji aiangalie upya. Mazungumzo yalipitia kwa Katibu, kama ilivyo desturi, ingawa wahusika walikaa kiti kwa kiti.

Bw. Umpleby: "Kieran, mwambie shemeji yangu aivae hiyo miwani. Anaishika tu kama daktari wa kwenye tangazo."

Katibu alimwambia.

Bw. Cattermole: "Mwambie sarafu yenye uso usio na pua ni sarafu iliyolika. Hata mbuzi anaona."

Katibu alimwambia, akiongeza neno "shemeji" palipopungua heshima.

Bw. Umpleby: "Mwambie mbuzi ndio waliompa upimaji."

Mwenyekiti aliagiza mbuzi waondolewe kwenye mjadala.

Bw. Cattermole alitoa picha ya sarafu ya Otterby. Humo Ezra ana pua ndefu, iliyonyooka kama rula. "Mwulize," alisema, "ile ya Otterby ina pua, yake haina. Imekwenda wapi, likizo?"

Bw. Umpleby alianza kuikunja ile sarafu ndani ya leso.

KUMB. NA. 5/11: MENGINEYO, YALIYOINGIA BILA KUBISHA HODI
Bi. Bielby aliingia kuchukua bilauri. Alieleza kwamba fundi wa rangi yuko chini na kibao cha baa, kile chenye kichwa cha Ezra, naye anauliza amtie pua ya namna gani, maana ya zamani imebanduka.

Mwenyekiti: "Ilibanduka lini?"

Bi. Bielby: "Mwenzangu, mimi nimeolewa hapa nikakuta haipo. Mama mkwe alisema ni njiwa."

Mwenyekiti alishangaa, akasema hata ile sanamu ya Ezra juu ya kaburi lake kanisani haina pua. Mchungaji huwaeleza wageni kwamba ilivunjwa na askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya kumi na saba.

Katibu, ambaye shule ilimshinda isipokuwa vita, alifafanua kwamba vita vile vilikwisha Ezra hajazaliwa, na pengine babu yake pia. Kisha aliuliza swali ambalo, kwa unyenyekevu wote, linaandikwa hapa neno kwa neno:

"Samahanini, wazee wangu. Kibao hakina pua, mnasema njiwa. Kaburi halina pua, mnasema askari. Sarafu haina pua, mnasema imelika. Hamjawahi kufikiri kwamba labda mzee mwenyewe hakuwa nayo?"

Mwenyekiti aliomba ukimya uliofuata uandikwe. Umeandikwa.

Bw. Cattermole alinyoosha mkono, na Bw. Umpleby akaikunjua leso. Mpimaji aliishika sarafu kwa ukingo, akaweka kioo cha kukuzia. Alianza kusoma kwa sauti, kwanza kama mtu anayepima, baadaye kama mtu anayeungama. Nywele za juu ya sikio, ambazo ndizo hutangulia kulika, zimesimama zote. Shavu lipo. Nyusi zipo. Pua hukaa chini, karibu na uso bapa wa sarafu, nayo hulika mwisho kabisa. Hilo amelifundisha mwenyewe katika chumba hiki kila mwaka.

Kisha alihamishia kioo kwenye picha ya Otterby. Alisema pale kuzunguka pua shaba imechotwa kama siagi. Pua hiyo imechongwa juzijuzi tu, na inafanana mno na ya mwenyekiti wao.

Bi. Bielby: "Kwa hiyo fundi nimwambieje?"

Mwenyekiti: "Mwambie aache kama alivyomkuta."

KUMB. NA. 6/11: AZIMIO
Bw. Cattermole alisema, "Kieran, mwambie," akanyamaza. Katibu alisubiri. Bw. Cattermole aligeuza kiti.

"Wilf. Ni Nzuri Mno."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Kesho Margery anachoma nyama. Njoo ule."

"Najua anachoma. Harufu yake naila kila Jumapili kupitia ukutani."

Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba sarafu ipande hadi Nzuri Mno, na kwamba Otterby waandikiwe barua ya pole kuhusu pua yao. Katibu, akiwa hana tena ujumbe wa kupeleka, alikula pai ya Bw. Cattermole.

Hapo Bw. Cattermole aliinua tena kioo. "Ila hili sikio, Wilf."

"Sikio limefanya nini?"

"Huku chini, kwenye ndewe. Limelika."

"Hakuwa na ndewe."

"Usinianze."

"Mtu hana pua, wewe unamdai ndewe?"

Mjadala wa sikio uliendelea moja kwa moja, mdomo kwa mdomo, muda mrefu kuliko ajenda nyingine zote. Mwenyekiti alipopata upenyo alimwuliza Bw. Umpleby anahamia Otterby lini. Bw. Umpleby alijibu kwamba ni dhahiri hawezi kuondoka suala la sikio likiwa bado. Bw. Cattermole alisema suala hilo haliishi leo, wala mwakani.

KUMB. NA. 7/11: KUFUNGA KIKAO
Wapiga vishale walikihitaji chumba, wakiongozwa na mgonjwa Bw. Tranter. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro robo. Wajumbe wawili waliachwa ngazini wakibishana, na ilibidi wapitwe kwa ubavu.

Imesainiwa:

K. Sugden
KATIBU

D. Haxby
MWENYEKITI
(Nimesaini. Bata bado yumo, Kumb. Na. 2. – D.H.)