Mama, Sisi Ndio Tuliokukalisha

Mama,

Salamu zangu zikufikie huko ulikotangulia. Mimi mwanao Nuru sijambo, nyumba haijambo, na paka wako amezaa tena ndani ya kabati la nguo.

Ulikuwa ukiniambia, "Nuru, weye waulizauliza kama karani wa korti." Basi jua kwamba nimestaafu ualimu, na nafasi ya kuuliza sasa ninayo tele. Mwaka mzima huu nimekuwa nikiuliza jambo moja tu: mzee hutunzwa vipi? Utacheka. Utasema mtu wa umri wangu, aliyelelewa hapa Kibokoni katika nyumba iliyojaa wazee, anauliza hilo? Naam, ndilo ninalouliza. Nilidhani nalijua.

Khalati Mwanaisha, dada yako, sasa anakaa nasi. Baada ya matanga yako tulimtoa Majengo kwenye kile chumba chake kimoja, tukampa chumba chako cha juu. Siku hiyo alipanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe, tena akipiga soga njia nzima. Mwaka ukapita hajashuka. Hakuna aliyemkataza. Ila chai ilimfuata juu, chakula kilimfuata juu, wageni walimfuata juu, na mimi nikajiona mtoto mwema.

Halafu akateleza katika choo cha juu. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini daktari alisema miguu yake imelegea mno, akatuelekeza kwa Kadzo. Huyu Kadzo ni mwanamke wa Kaloleni aliyesomea kutunza wazee, na kazi yake ni kuzunguka majumbani kwa watu. Sikufurahi, nakwambia kweli. Niliona aibu. Mtu wa nje aje kutufundisha sisi kumtunza mzee wetu? Sisi ambao hatumtaji mtu mzima bila kumtangulizia "Bi"?

Lakini mimi unanijua, nikiona sufuria imefunikwa lazima nifunue nichungulie. Kadzo alipokuja mara ya kwanza nilimfuata chumba kwa chumba. Nilitarajia atoe mashine ya presha. Badala yake alivua viatu, akapapasa sakafu ya choo kwa nyayo zake, kisha akaenda kuketi juu ya kitanda cha Khalati kuona kama miguu inafika chini. Nikamuuliza, hilo nalo la nini? Akasema, "Kitanda kikiwa juu hivi, mwalimu, mzee hashuki. Anaanguka." Basi kile kitanda chako cha samadari, fahari ya harusi yako, fundi alikuja akakikata miguu kwa msumeno. Nililia pale pale mbele ya fundi. Kisha nikaketi kitandani kujaribu, na mama, kinafaa sana. Tulipaswa kukikata zamani.

Kila alichofanya nilimuuliza sababu, naye hakuchoka. Dawa za Khalati zilikuwa zikimchanganya, maana chupa ni nyingi na macho yake yana mtoto wa jicho. Kadzo akaliona sanduku lako la tambuu, lile lenye vyumba vidogo vya popoo na chokaa. Tukaliosha, na sasa kila chumba ni sala moja: hizi za Alfajiri, hizi za Adhuhuri, hizi za Isha. Khalati husahau kama amekula, lakini sala hajasahau hata moja, na tangu siku hiyo dawa hazijampita. Ukutani, ngazini, fundi akatuwekea mbao ya kushikia, na mwisho wa mbao, pale ngazi inapoisha, Kadzo akamwambia achonge kishimo kidogo. Kidole kikiingia kwenye kishimo, mtu anajua amefika hata kama haoni. Nilipanda na kushuka siku ile, macho nimefumba, mara sita au saba, mpaka watu wa nyumbani wakadhani nimerukwa na akili.

Nikaenda pia kuchungulia mkutano wake wa Jumatano. Huwakusanya wazee katika chumba kimoja cha madrasa mtaa wa nyuma, akina mama asubuhi, wanaume baada ya Alasiri. Wanaketi vitini wawili wawili, wameshika leso moja, huyu pembe hizi na yule pembe zile, wanavutana mbele na nyuma huku wanataniana. Bi Rehema, yule shoga yenu wa tangu chuo cha Kurani, alimvuta mwenzake mpaka mpira wa mguu wa kiti ukatoka. Nilipomsimulia Khalati alisema, "Nami nataka kushuka tini." Hilo ndilo likawa shauri letu kuanzia hapo. Kadzo akasema inawezekana, lakini itachukua miezi, na haitawezekana iwapo kila anapotaka kitu tunamletea.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nikuandikie.

Asubuhi moja Kadzo alikuwa akitafuta kigoda kifupi cha kumfanyisha Khalati mazoezi. Akaingia stoo ya jikoni, akatoka na ile mbuzi yako ya kukunia nazi, imejaa vumbi na utando wa buibui. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya mama. Akaniuliza alikuna nazi mpaka lini. Nikafungua kinywa nimjibu, nikakumbuka.

Ilikuwa Iddi. Mdogo wangu Salim alisimama mbele ya watu wote akasema mama amefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yake kukaa kwenye kiti na kutumikiwa. Sote tulipiga makofi. Kiti tulikuwa tumeshakinunua, chenye mito miwili. Nazi tukaanza kuzinunua Marikiti, zimekwisha kunwa kwa mashine. Na mbuzi mimi ndiye niliyeipeleka stoo kwa mikono yangu.

Kadzo aliifuta vumbi akaniambia kwamba kuketi chini na kuinuka, kuketi na kuinuka, ndiko wanakofundishwa kuwafanyisha wazee, kwa sababu kunatia nguvu mapaja na kiuno. "Ninyi mlikuwa nayo jikoni," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Nikaanza kuhesabu, mama. Ulikuwa ukiinuka kwenye mbuzi ile kila siku ya Mungu. Tukakuondolea. Ukabaki na kushuka uani kutawadha. Tukakuletea birika na beseni chumbani. Ukabaki na kurukuu na kusujudu. Salim akakuletea kiti cha kusalia, na wala hukuwa umelalamika goti. Ukabaki na kwenda dirishani kumwita muuza mbaazi. Nikasema kaa tu, nitamwita mimi. Kila kitu tulikuondolea mikononi kwa adabu, kwa "pumzika mama" na kukubusu mkono. Nawe ukapumzika, mpaka siku uliyotaka kusimama na miguu ikakataa, na kuanzia siku ile hadi tulipokuzika hukusimama tena.

Na uliniuliza! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siku ile ya Iddi ulitutazama ukasema, "Sasa miye n'tafanya nini?" Tukacheka. Nikakujibu, "Utatuombea dua." Mimi, mpenda maswali, nikalichekea swali la mama yangu.

Nilimuuliza Kadzo waziwazi: ni sisi tuliommaliza? Akanitazama sana. "Mwalimu, mimi sikumuona mama yako. Siwezi kusema." Sikulipenda jibu lake, ila nilimshukuru kwa kutolitia sukari.

Basi tukashika njia nyingine kwa Khalati. Kwanza kuinuka kitandani bila kuvutwa. Kisha kiti, kisha kigoda, na mwezi wa tatu mbuzi yenyewe, mimi nikiwa ubavuni. Akikuna nazi tunamwachia. Akimenya tunamwachia. Jirani yetu Bi Shumi alipanda siku moja kumjulia hali, akamkuta amekunja leso mapajani anamenya thaumu. Kufikia Magharibi mtaa mzima una habari kwamba Nuru amtumikisha khalati yake, mzee wa watu, hana hata haya.

Habari ikafika Ganjoni kwa Salim. Alikuja hata viatu hakuvua. Unajua Khalati hakuzaa, na Salim ndiye aliyemfanya kuwa mtoto wake. Alitaka ampeleke kwenye fleti yake yenye lifti, awekewe mtumishi wa kumlisha na kumvisha. "Jumapili namchukua," akasema. "Wazee hawafanyiwi majaribio." Nikamweleza ya Kadzo, nikamweleza ya mbuzi. Hakutaka kusikia, na jina lako lilipotajwa alitoka nje kabisa.

Sikumlaumu. Na mimi nilikuwa na hofu, mama. Je, akianguka katika zile ngazi, nitamweleza nini Mola wangu? Kadzo anahudumia nyumba nyingi peke yake na hawezi kuwepo kila saa. Jirani wa Salim huko ghorofani ni mzee ambaye watoto wake wako Dubai, wamemwekea kamera ukutani wanamtazama kwenye simu. Nilimuuliza Kadzo kama hiyo ni nzuri. Akasema ni nzuri, inaona mtu akianguka, lakini haimuinui. Nikafikiri huenda kwa Salim kuna usalama zaidi. Huenda mimi ninajaribu kukufufua wewe kupitia miguu ya dada yako.

Jumapili ikafika. Salim alikuja na vijana wawili wa mtaani na kile kiti cheupe cha plastiki, ambacho ndicho tulichokuteremshia wewe kila ulipokwenda hospitali. Kadzo alikuwa kanisani. Khalati akatoka chumbani amevaa buibui lake, amejifukiza udi, akaweka mkono kwenye ile mbao. Salim akainama amwinue.

"Niwata, mwanangu. N'tashuka na maguu yangu."

Nikatangulia ngazi moja chini yake, nikimtazama, kama nilivyofundishwa. Mikono iwe tayari lakini isimguse. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza miaka thelathini, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama kuizuia mikono yangu siku ile. Alisimama mara mbili. Mara ya tatu akaketi kabisa juu ya ngazi, na Salim akapiga hatua. Khalati akamwinulia kidole, Salim akatulia. Akapumua, akajivuta, akasimama. Akaendelea mpaka kidole chake kikaingia kwenye kishimo, akacheka peke yake.

Akavuka kizingiti, akaketi barazani kwenye jua. Mwaka na miezi hajaliona jua la barabarani. Akatazama dirisha la ng'ambo akapaza sauti, "Shumi! Shumi we! Thaumu yako umemenya, au nikumenyee?" Dirisha likafungwa, mama. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nilipogeuka, Salim alikuwa bado ndani, chini ya ngazi, amekikumbatia kile kiti. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, mama naye angeweza?"

Akakiweka kiti chini, akaketi juu yake mwenyewe, mwanamume mzima mwenye wajukuu, akalia. Nilikaa karibu naye sakafuni. Hakumchukua Khalati, na habari ya Ganjoni hajaitaja tena. Siku hizi Jumatano ndiye anayemsindikiza madrasani, wanakwenda polepole, na Khalati ndiye anayemuonyesha njia.

Mama, hatukukufanyia kwa ubaya. Unajua. Lakini kutokusudia hakukukuinua, na nataka nikuombe radhi kwa kulitaja kosa kwa jina lake hasa, si kwa jumla kama watu wanavyoombana siku ya Iddi: niwie radhi kwa kukuondolea kazi mikononi bila kukuuliza. Niwie radhi kwa kulicheka swali lako.

Na ahadi yangu ni hii. Maadamu ninapumua, mzee wa nyumba hii ataulizwa kwanza anataka kufanya nini, na jibu lake litasubiriwa hata likichelewa. Zamu yangu ikifika, binti zangu nimeshawaambia, na wameapa. Nitakuombea kila baada ya sala, nawe ukijaliwa kunijia ndotoni, njoo umesimama nikuone. Kwaheri, mama yangu. Mola akupe wasaa huko uliko.

Ningeandika zaidi, ila Khalati anatoka. Nimeketi katikati ya ngazi na karatasi zangu magotini, kwa sababu hapa ndipo penye upepo, naye amesimama juu yangu ananigusa bega kwa ncha ya kiatu. "Nuru, nipisha nipite."

Nampisha.

Mwanao,
Nuru