Kiraka cha Manjano

Jumatatu, 8 Septemba

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama mstari huu umeshausoma, ishia hapa, na usimwambie mtu hata neno moja. Si mama yangu Kaloleni, si mtu wa kazini. Mimi ni mwoga, na humu nimejisema nilivyo.

Nimerudi saa kumi na moja. Makabati nimeyafunga, kisha nikarudi kuyajaribu mara mbili. Ndiyo kazi yangu hapo kliniki ya Mjambere: kutunza faili za wagonjwa na kunyamaza. Siku ya kwanza nilitia sahihi kwamba nitanyamaza.

Kisha karatasi. Sianzi kwa kuchora. Namwaga. Chai ya rangi, bizari iliyokorogwa maji, masizi ya sufuria, buluu ya kufulia. Naacha vikauke. Nakaa mlangoni natazama doa hadi lianze kuinama kama mtu. Hapo mkono unafuata. Nikifikiri, naharibu.

Leo umetoka mgongo wa mwanamke. Ameketi benchi la buluu, leso mabegani, kichwa kimeinama. Uso sikutia. Nyuso sitii kamwe, nisije nikamchora mtu akajulikana.

Ni nzuri kuliko zote. Naona haya kuandika hivyo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempelekea Mzee Saidi, fundi wa fremu karibu na kituo. Aliigeuza kwenye mwanga.

"Binti, huyu amechoka na nini?"

Nikasema sijui. Kweli sikujua.

Ameitundika mbele ya duka. Jina langu halipo, niliomba hivyo. Hata hivyo nimepita pale mara tatu kuitazama. Majivuno matupu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejifungia ndani, naandika.

Wanawake wawili walikuwa mbele ya duka. Nilisimama nyuma yao nikitaka kusikia sifa.

"Hebu tazama kiraka hicho. Si leso ya Zuhura wa mahamri hiyo?"

"Ndiyo hiyo! Aliiunguza na jiko, akaitia kiraka cha manjano. Na hilo benchi walijua wewe?"

"Lipi?"

"La buluu, kule nyuma ya kliniki. Ndipo wanapongojea dawa za ukimwi."

"Wee! Na mahamri yake twala kila asubuhi!"

Wakacheka, kile kicheko cha kuogopa. Mmoja akatoa simu, akapiga picha.

Nilikitazama kiraka kama sijapata kukiona. Mungu ni shahidi, sikumkusudia. Lakini faili ya Bi Zuhura naitoa mimi kila mwezi. Akiketi pale, mgongo wake huelekea dirisha langu. Mdomo nimeufunga miaka miwili. Mkono umesema yote.

Nimeondoka mbio. Picha sikuishusha. Niandike tena nijisome: sikuishusha, maana ningejulikana ni yangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeishusha leo. Mzee Saidi kaniuliza imenikosea nini. Nimeifunga kwa gazeti.

Nimepita kwa Bi Zuhura. Saa nne asubuhi, beseni bado limejaa. Siku nyingine saa mbili na nusu huwa ameshafunga. Leso ile hakuvaa. Nikanunua mahamri kumi.

"Leo una wageni, mwanangu?"

"Ndiyo, Bi Zuhura."

Uongo. Akayafunga, akaongeza mawili ya bakhshishi. Sikuweza kula hata moja.

Jumanne, 16 Septemba

Siku yake ya dawa. Faili niliitoa mapema, nikaiweka juu kabisa. Hakuja.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuja.

Alhamisi, 18 Septemba

Faili ingali juu. Vidonge vyake vimekwisha jana, hesabu naijua. Akikaa bila dawa atarudi alikokuwa mwaka juzi, alipoletwa amebebwa kwa shuka.

Nimetapika mchana. Sista msimamizi aliniuliza kama ni malaria. Nikasema labda. Ningeweza kumwambia pale pale. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Nikaomba ruhusa kwenda kunawa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kwake baada ya alasiri, picha kwapani. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Akanimiminia chai kabla hajaniuliza shida yangu. Nilisema nikiwa nimesimama, haraka haraka, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mimi ndiye niliyechora. Ni ile iliyotundikwa kwa Mzee Saidi. Kisha nikafungua gazeti.

Aliitazama muda mrefu. Nilidhani ataichana. Nilitamani aichane.

"Ndivyo nikaavyo?"

"Ndivyo, Bi Zuhura."

"Tangu afe mume wangu hakuna aliyenitazama hata akajua nimechoka. Nawe uliyenitazama, ukaenda ukanitundika dukani."

Nikaomba radhi. Hakunipa. Nikasema, kwa ujinga wangu, kwamba uso sikuutia.

"Ungenitia uso ningebisha. Ningesema huyu si mimi, pua si yangu. Mgongo wangu nitaubishiaje?"

Benchi lile hakai tena, kasema. Wallahi hakai, hata kama ni kufa. Nikamweleza kwamba dawa zile zinapatikana kliniki nyingine pia, ng'ambo Likoni, ambako hakuna amjuaye. Anahitaji barua ya uhamisho tu, na barua huandikwa na Sista.

"Basi kamwambie Sista."

Kumwambia Sista ni kumwambia kwa nini. Alilijua hilo. Alinitazama mpaka nikaitikia.

Picha hakunirudishia. Sikuomba.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesema. Sista alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakunikaripia. Barua aliiandika mbele yangu, akagonga muhuri. Kisha akanyoosha mkono, nikampa funguo za makabati.

Nje kulikuwa na manyunyu. Nilitembea hadi kwa Bi Zuhura. Alikuwa akikanda unga, mikono yote imejaa. Akanionyesha kwa kidevu niiweke barua chini ya kopo la iliki. Nikaiweka. Sikukaa.

Kesho anavuka na feri ya asubuhi. Huenda wakamsumbua kule kwa maswali. Huenda akataka mtu wa kufuatana naye, ingawa sidhani atanitaka mimi. Nimemwandikia njia ya kuja kwangu nyuma ya bahasha ya barua, kwa herufi kubwa: Utange, lami inapoishia, shika njia ya kisimani. Nyumba ya nne, mlango wa kijani. Uliza Kadzo. Mbele usibishe hodi, zunguka uani, kuko wazi. Nipo mchana kutwa.