Kibanda Yetu na Mupunga ya Jirani

Papa,

Mvua ya mwezi wa kumi imerudi hapa Kashebere, na niko nakuandikia sababu sina mwingine wa kuuliza. Ninaandika mu Kiswahili. Kifaransa yangu ni ya kuagiza sabuni na chumvi tu, na luga ya kwenu kule kisiwa ya Rodi niliijuaka kwa masikio, si kwa mukono.

Sikukuu yetu Wayahudi ya Vibanda imefika. Nilijenga kibanda mimi mwenyewe, pembeni ya magazini, ile duka yetu, pahali ulikuwa unajengaka wewe. Matawi sikujua kuyapanga, maji yote inaingia mu sahani. Nakaa mule ndani, nakula sombe, majani ya muhogo, yenye mvua, na hamu yako inanikamata, Papa. Nina hamu mpaka ya ile kukoroma yako.

Unakumbuka mwaka wa kwanza ulijenga hapa, vile Mama Furaha aliona kibanda? Jirani yetu huyu, aliyenilea tangu mama alikufa, alifikiri Muyahudi wa magazini amejengea wafu wake, sawa vile wao wanajengaka kajumba ka mababu nyuma ya nyumba wakati wa mupunga mupya. Akaleta kibuyu ya kasiksi, pombe ya ndizi, na kuku mweupe, akaweka juu ya meza yetu. Ulikuwa mwekundu kama pilipili. Ulitoa kuku inje kwa mikono yako, ukasema, "Mama, kwetu hatulishake wafu." Alinuna mpaka Noeli. Na yeye njo Mukristo, hakosake misa hata siku moja.

Tangu pale, kila mwaka alituita kukula mupunga mupya, na kila mwaka ulikataa kwa adabu, ukamutumia chumvi. Mimi nilibakia ku dirisha na harufu. Nilikasirika sana. Siku moja nikakuuliza: si ulinifundisha wewe mwenyewe kama hata kibanda yetu, pengine watu wa mashamba walikuwa wanajengaka mbele ya wakati wa Musa, wakivuna zabibu na kuomba miungu yao? Wazee wetu si waliichukua, wakamupa Mungu? Basi mupunga iko na kosa gani? Halafu ukasema: "Wale wazee walikuwa wengi, mutoto wangu. Sisi huku tuko wawili." Barua za ndugu zako wa Rodi zilikuwa zimekatika tangu ile vita ya Ulaya iliyomaliza Wayahudi, zote. Sikukuuliza tena.

Sasa niko mumoja. Mama Furaha na watu wake njo walikuzika, na mwaka muzima umepita. Ile sala yetu ya kukumbuka marehemu inaomba wanaume kumi wa kwetu. Nilituma habari mpaka Masisi, mpaka Walikale. Nilipata mumoja, muzee mwenye mugulu mubaya, hawezi safari. Mpaka leo hakuna muntu alikusomea ile sala. Hii inanichoma kuliko kifo chako yenyewe.

Juzi, siku ya tatu ya sikukuu, Mama Furaha alikuja. Akasema, "Kuja, mutoto. Chakula iko." Nilienda, Papa. Nilijiambia nitamusalimia tu na kurudi. Bwana yake alikuwa amesimama mbele ya kajumba, anamwaga kasiksi chini, anaita wafu wake mumoja mumoja: baba yake, shangazi yake, mapacha yao waliokufa wadogo. Kisha akasema, "Na Sulemani wa magazini, jirani yetu, mwenye hakukulaka kwetu."

Watu wote wakaitika jina lako.

Sikuinama, sikumwaga kitu. Niliingiza mukono mu sahani, nikakula pamoja na machozi. Kama ni zambi, sijue. Ungekuwa hapa ungenigombeza, na ningefurahi kugombezwa.

Pumzika, Papa. Kibanda nitajenga kila mwaka, hata ivuje. Na mupunga yao nitakula kila mwaka, mpaka siku nitapata meza ingine pahali wanaita jina lako.

Mutoto wako,
Rebeka