Kibuyu Nilisugua na Sabuni

Mujukuu wangu Nadine,

Huku Kasungami tuko bazima, na baba yako mudogo amemaliza kupanda mahindi. Umeniuliza kama umeze zile kapsuli za antibiotiki rafiki yako alibakisha, juu ya hii gripi yako ya mafua. Hapana!

Nikiwa bibi-arusi, nilisugua kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi cha kuchacha, na sabuni mpaka kikang'aa, mama-mukwe aone usafi wangu. Munkoyo ukakaa mule siku mbili bila kuchacha. Mama-mukwe akaonja, akacheka, akaniambia: "Mama, bapishi ba munkoyo banakaa mu kibuyu. Umebafukuza!"

Juzi infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, amenieleza: gripi ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Inafagia vidudu vizuri vya mu tumbo, na vile njo vinasaidia mwili kupigana, hata kwa kifua. Nikakumbuka kibuyu changu.

Rudisha kapsuli. Pumzika, kunywa maji. Pumzi ikikaza, kimbia kwa docteur; dawa atakupa yeye, meza yote.

Kibuyu kilikaa wiki mingi kabla ya kuchachisha munkoyo tena. Mimi sitangojea wiki: piga simu leo, nisikie vile unapumua.

Nkambo yako