Mlango wa Pili wa API Yako

Kaka Mugendi,

Laptopu yako bado inawaka. Ile kona ya skrini iliyopasuka nimeibandika selotepu, na mwanangu Wanja ameshaing'ata sana. Ana meno sasa. Anasimama akishika meza yako, halafu anaketi kwa kishindo na kucheka. Ungemwona.

Ile API uliyoanza, nimeendelea nayo. Usicheke. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili na tumbo mbele, naandika programu za kompyuta kwa Python. Uliacha faili moja tu ya Flask, ile zana yako ya kuundia API, mistari michache, na mlango mmoja ambao ukiugonga unajibu: "Niko hapa, sema." Nilipoiwasha mara ya kwanza baada ya kukuzika, ikanijibu hivyo hivyo. Niko hapa, sema. Kaka, nilifunga laptopu nikaenda kulia kwa shamba la ndengu, pale pale nyoka alipokuuma.

Nakumbuka ukinifundisha, mimi nikinyonyesha, wewe umeshika simu ya mtu imefunguliwa tumbo. "API ni dirisha la dispensari tu. Mtu anagonga, anauliza kitu kimoja, anapewa jibu moja. Haingii ndani kupekua." Nikakuuliza, na kama sista hana jibu? Ukasema, "Aseme hana."

Lakini siku yako hakuna aliyesema hivyo. Tulifika dispensari mguu wako umefura kama gunia, na soja wa geti akatuambia, "Dawa iko njiani, ngojeni hapo kwa kivuli." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatupa moyo. Tukangoja. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia nisimweke Wanja kwa jua. Tulipoamua kukupeleka hospitali ya Embu, ulikuwa umeshaacha kuongea.

Kwa hiyo nimeongeza mlango wa pili. Nimeuita dawa. Ukiupa jina la dispensari, unakuambia kama dawa ya sumu ya nyoka iko ama haiko. Sista wa huku kwetu na yule wa ng'ambo ya mto wananitumia meseji kila asubuhi, mimi naingiza. Kinyua, mwenzako wa kutengeneza simu, ameunda ukurasa ambao watu wa bodaboda wanafungua kwa simu zao. Huo ukurasa ndio unaiuliza API yetu.

Halafu sista mmoja akaenda matanga kwao, asitume kitu. Nikajaribu kuuliza, mashine ikajibu "Iko." Kumbe ilikuwa inarudia jibu la zamani. Nilimsikia yule soja.

Nikabadilisha. Sasa kama hakuna habari ya leo, inajibu: "Hatujui. Usingoje. Nenda hospitali kubwa Embu." Kinyua akanicheka. "Mama Wanja, watu wanataka kusikia iko. Programu ya kusema haijui, hata mbuzi wangu anaweza." Nikamwambia, mbuzi wako angekuwa pale getini siku ile, kaka yangu angekuwa hapa. Kesho yake akaliandika hilo jibu kwa ukurasa wake, herufi kubwa nyekundu.

Juzi mtoto wa jirani aliumwa na nyoka akiokota kuni. Babake alimbeba mbio kwa bodaboda, wakauliza, wakapata lile jibu: Hatujui. Usingoje. Hawakusimama popote mpaka Embu. Mguu umebaki na kidonda kibaya, na wanasema kidole kimoja kitakatwa. Lakini anaongea. Nilienda kumwona, ananiomba mandazi. Anaongea, kaka.

Nilirudi nyumbani sikujua nifurahi ama nilie, kwa sababu ni jibu dogo hivyo tu lililokosekana kwako.

Mlango wako wa kwanza sijaugusa. Wanja akijua kusoma nitamwacha augonge mwenyewe, amsikie mjomba wake.

Pumzika sasa. Kazi ya dirisha niachie mimi. Na nikiwa hai, halitamwambia mtu angoje.

Dada yako,
Mama Wanja